Bosi karuka, kampuni imelipa, katibu kakata tiketi: pointi ni za nani?

Tiketi ya daraja la biashara kutoka Dar es Salaam kwenda Amsterdam ina watu watatu nyuma yake. Yupo atakayekaa kwenye kiti. Ipo kampuni itakayolipa. Na yupo aliyeshinda na simu sikioni tangu asubuhi, akiulizia nafasi, akituma nakala ya pasipoti, akimbembeleza wakala ashikilie nauli hadi saa kumi jioni ili mhasibu awahi kuidhinisha malipo. Mashirika ya ndege yanawajua wote watatu, na kila mmoja ameandaliwa zawadi yake. Tatizo huanza zawadi hizo zinapochanganywa, na maofisini zinachanganywa sana, kuanzia Posta mpaka Masaki.

Makala hii inamhusu zaidi huyo wa tatu: katibu muhtasi, msaidizi wa mkurugenzi, ofisa utawala, au kwa jina linalotumika sasa katika ajira za serikali, mwandishi mwendesha ofisi. Yeye ndiye anayeambiwa na ofisa masoko wa shirika, "Ukitukatia tiketi nyingi tutakukumbuka." Ni muhimu ajue anakumbukwa kwa lipi, na kumbukumbu hiyo inaweza kumfikisha wapi.

Tuanze na mfuko wa msafiri, maana ndio mkongwe na ndio unaojulikana. American Airlines ilianzisha AAdvantage tarehe 1 Mei 1981, na United ikafuata na Mileage Plus mwezi huohuo. Wazo lilikuwa jepesi: abiria anayerudi kwetu tumhesabie maili alizoruka, zikifika kiasi fulani tumpe safari ya bure. Kwa miaka mingi hesabu ilikuwa ya umbali. Aliyelipa nauli ya punguzo na aliyelipa nauli kamili walikaribiana sana katika maili walizopata. Miaka kumi hivi iliyopita hesabu ikageuka ikawa ya pesa. Delta na United zilianza kuhesabu kwa dola mwaka 2015, American ikafuata 2016, na Flying Blue, programu ya Air France na KLM, ikabadilika Aprili 2018.

Chukua Flying Blue kama mfano, kwa sababu hesabu yake iko wazi. Mwanachama wa ngazi ya chini kabisa hupata maili 4 kwa kila euro 1, wa fedha 6, wa dhahabu 7, wa platinamu 8. Euro zinazohesabiwa ni za nauli yenyewe na tozo za shirika. Kodi za viwanja na za serikali hazimo. Tiketi ya euro 1,200 ambayo euro 300 zake ni kodi itampa mwanachama mpya 900 × 4, yaani maili 3,600. Bosi mwenye platinamu atapata 7,200 kwa tiketi hiyohiyo, kiti hichohicho. Ndiyo maana wakurugenzi wawili wanaweza kuruka pamoja, mmoja akamlalamikia katibu kwamba maili zake "zimeliwa", kumbe hakuna kilicholiwa.

Mfuko wa pili ni wa kampuni, na huu ndio ambao ofisi nyingi hapa mjini hazijaufungua kabisa ilhali hauna gharama. Air France na KLM wana bluebiz, Emirates wana Business Rewards, Qatar Airways wana Beyond Business, Turkish Airlines wana Corporate Club. Masharti yanatofautiana, lakini mifumo hii imejengwa kwa ajili ya kampuni zenye safari za kutosha bila kuwa na ukubwa wa kuketi mezani na shirika kujadili bei. Katika bluebiz na Business Rewards, msafiri anaendelea kupata maili zake kama kawaida na kampuni inapata zake juu. Hakuna anayemnyang'anya mwenzake. Sarafu ya bluebiz ni rahisi kumweleza mhasibu: salio 1 ni sawa na euro 1 ya kununulia tiketi. Corporate Club ya Turkish ina mwelekeo tofauti kidogo, huko faida kubwa ni masharti ya nauli, kama punguzo na urahisi wa kubadili tarehe, kuliko pointi za kukusanya. Kabla ya kujaza fomu, muulize ofisa wa shirika swali hili moja: kampuni yangu itapata pointi, punguzo, au vyote?

Kisha mfuko wa tatu, wa mpangaji. Asili yake inaeleweka ukijua tiketi ziliuzwaje zamani. Shirika lilimlipa wakala kamisheni, na asilimia 10 ilikuwa kiwango cha kawaida kwa miaka mingi. Wakala ndiye aliyekuwa anabembelezwa. Februari 1995 Delta iliweka ukomo wa kamisheni hiyo kwa safari za ndani ya Marekani, mashirika mengine makubwa ya huko yakafuata, na Machi 2002 Delta ikaondoa kamisheni ya msingi Marekani. Mtindo ukasambaa. Wakala akabaki na ada ya huduma anayomtoza mteja mwenyewe, na wakati huohuo intaneti ikampa mtu wa ofisini uwezo wa kuona nauli zote kwenye skrini yake. Nguvu ya kuchagua ikahama kutoka kaunta ya wakala ikaja kwenye meza iliyo nje ya mlango wa mkurugenzi. Shirika linaloelewa biashara linafuata nguvu iliko.

Zawadi za mfuko huu zina sura nyingi. Kuna pointi zinazoingia kwenye akaunti ya mpangaji kwa kila safari aliyoiandikisha. Kuna vocha za manunuzi, chakula cha jioni hotelini, kikapu cha mwisho wa mwaka, tiketi ya bure ya "kuja kuona huduma zetu". Hoteli zimekwenda mbele kuliko ndege katika kuliweka jambo hili hadharani: IHG Business Rewards humpa anayewaandikishia wengine vyumba au mikutano pointi 3 kwa kila dola 1 inayostahili, na masharti yote yamechapishwa. Sisi tunaupenda uwazi huo. Zawadi yenye masharti yaliyochapishwa unaweza kumwonyesha mwajiri wako. Bahasha iliyoachwa mapokezi huwezi.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na panastahili kusomwa taratibu. Mfuko wa kwanza humlipa mtu kwa kuruka. Wa pili humlipa anayetoa pesa. Wa tatu humlipa mtu kwa kuamua, tena kuamua juu ya pesa zisizo zake. Hilo halifanyi zawadi kuwa haramu moja kwa moja, ila linaifanya iwe kitu cha aina nyingine kabisa, na anayeipokea bila kuliona hilo anajiweka pabaya.

Tazama mfano huu wa kubuni. Bosi anakwenda London wiki ijayo. Kutoka Julius Nyerere anaweza kupita Addis Ababa, Nairobi, Doha, Dubai, Istanbul au Amsterdam. Nauli tatu za chini zinazofaa muda wake zinapishana kwa shilingi 350,000. Shirika lenye nauli ya juu ndilo lenye vocha kwa mpangaji. Safari ikiwa moja, hakuna atakayeona. Sasa chukua safari 10 za namna hiyo kwa mwaka: kampuni imelipa shilingi 3,500,000 zaidi, na katibu amepata vocha ya labda laki nne. Mkaguzi wa ndani akiweka tiketi hizo kwenye jedwali na kupanga kwa shirika, mwelekeo utaonekana ndani ya nusu saa. Na swali atakalouliza halitakuwa kama ulipokea vocha. Atauliza nani alijua.

Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, Sura ya 329, haiwahusu watumishi wa umma peke yao. Kifungu cha 15 kinamzungumzia wakala na mkuu wake, yaani mtu yeyote anayeshughulikia mambo ya mwingine, na mwajiriwa wa kampuni binafsi yumo. Kinachoangaliwa ni kupokea manufaa kwa njia ya rushwa kama kishawishi au malipo ya kufanya jambo katika shughuli za mkuu huyo. Mwajiri anapofahamu na kuridhia kwa maandishi, na uchaguzi wa tiketi ukawa na kumbukumbu za bei, ni vigumu kusema kuna udanganyifu. Mwajiri asipojua, kila vocha inaweza kusomwa vibaya. Kwa mtumishi wa umma tungesema zaidi: usijisajili kwenye programu ya mpangaji kabisa. Kanuni za maadili ya utumishi juu ya zawadi ni kali, na shilingi laki moja ya manunuzi haifai kubishaniwa mbele ya ofisa wa TAKUKURU.

Wenye miradi ya wafadhili nao wana lao. Ruzuku za serikali ya Marekani zinafuata kanuni ya 2 CFR 200.406, inayotaka punguzo na marejesho yanayotokana na gharama za mradi yarudi kupunguza gharama hizo. Salio la kampuni lililopatikana kwa tiketi za mradi likitumika kumpeleka mkurugenzi likizo, hilo ni jibu baya kwa mkaguzi. Tenga akaunti, au angalau andika kila salio limetokana na safari ya mradi upi.

Kwamba jambo hili halina jibu moja duniani, nchi mbili zilionyesha ndani ya miezi michache. Desemba 2001 Marekani ilipitisha sheria ya kuwaruhusu watumishi wa serikali kuu kubaki na maili za safari za kikazi, na mwaka uliofuata mamlaka ya kodi ya huko ikatangaza kwamba haitawafuatilia watu kwa kodi ya maili hizo. Julai 2002, Ujerumani, mwanasiasa Gregor Gysi alijiuzulu useneta, yaani uwaziri, wa uchumi katika serikali ya Berlin kwa sababu alikuwa ametumia kwa mambo binafsi maili alizopata katika safari za kibunge. Maili zilezile, kosa huku, haki kule. Tofauti ilikuwa kanuni iliyoandikwa. Ofisi yako nayo inahitaji kanuni yake, hata ikiwa ni nusu ukurasa.

Nusu ukurasa huo uandike hivi, kama waraka wa ndani wenye sahihi ya mkurugenzi au meneja rasilimali watu: "Maili za msafiri zitabaki kwa msafiri. Pointi za kampuni zitaingia kwenye akaunti ya kampuni na zitatumika kwa safari za kampuni pekee. Zawadi zozote anazopewa mpangaji na shirika la ndege, hoteli au wakala zitaandikwa kwenye daftari la zawadi ndani ya siku 7. Zenye thamani isiyozidi shilingi (weka kiasi) atabaki nazo, zinazozidi zitakuwa za kampuni. Kwa kila tiketi mpangaji ataweka kwenye jalada nauli 3 zilizopatikana siku hiyo, na sababu ya maandishi endapo hakuchagua ya chini." Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayokulinda kuliko zote. Picha ya skrini yenye tarehe na saa inatosha. Nauli hubadilika mchana na jioni, kwa hiyo picha ya kesho haikusaidii.

Kuhusu kodi, Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, inatazama manufaa ya ajira kwa upana, siyo mshahara peke yake. Zawadi kubwa, kama tiketi ya familia nzima, mwonyeshe mhasibu kabla ya kuitumia.

Sasa kazi yenyewe.

Kufungua akaunti ya kampuni huchukua muda mfupi kuliko kutafuta nyaraka zake. Andaa cheti cha usajili cha BRELA, namba ya mlipakodi, anwani, na barua pepe yenye jina la kampuni. Mashirika mengine huomba zaidi, mengine huomba jina na namba tu. Barua pepe iwe ya cheo, kwa mfano safari@ na jina la kampuni, isiwe Gmail ya mtu. Simu ya kupokelea namba za uthibitisho iwe ya ofisi pia, laini iliyosajiliwa kwa kampuni na inayokaa kwenye droo ya utawala. Utaona umuhimu wake huko mbele. Wekeni wasimamizi wawili wa akaunti, ili mmoja akiwa likizo ya uzazi safari zisisimame.

Kisha sajili wasafiri, na hapa ndipo zaidi ya nusu ya matatizo huzaliwa. Sisi majina yetu ni matatu: la kwetu, la baba, la babu au ukoo. Pasipoti ina sehemu mbili tu, jina la ukoo na majina mengine. Mtu alijiandikisha Skywards, programu ya maili ya Emirates, miaka ya nyuma kwa majina mawili anayotumia kazini, jina lake na la baba. Pasipoti yake mpya ina jina la babu kama jina la ukoo. Tiketi inakatwa kwa pasipoti, kama inavyopaswa, mfumo unalinganisha jina la ukoo kwenye tiketi na la kwenye akaunti, haviendani, maili haziingii. Hakuna anayepiga simu kukueleza. Zinapotea kimyakimya. Kwa hiyo kusanya kwa kila msafiri ukurasa wa picha wa pasipoti, fungua akaunti yake ya maili, linganisha herufi kwa herufi, na palipo na tofauti aandike mwenyewe kwa shirika akiambatisha pasipoti. Fanya hivyo kabla ya safari, kwa sababu kurekebisha jina baada ya safari ni mlima. Angalia pia walioolewa wakabadili jina, na majina yenye kistari au nukta.

Nakala hizo za pasipoti ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ofisi inayoziacha pasipoti za wafanyakazi kwenye kundi la WhatsApp la "Safari Team" inajitafutia matatizo. Ziwe kwenye folda yenye nenosiri. Mtumie wakala moja kwa moja, halafu futa kwenye simu.

Hatua inayofuata ni wakala. Wengi wa Dar es Salaam hukata tiketi kupitia Amadeus, Sabre au Galileo. Ndani ya mifumo hiyo namba ya maili ya msafiri hukaa kwenye mstari unaoitwa FQTV. Namba ya kampuni haikai hapo; ina mahali pake, na kila shirika lina maelekezo yake ya namna ya kuiandika. Wakala akiziweka zote kwenye FQTV, au akaweka ya kampuni kwenye sehemu ya maoni tu, kampuni haitapata kitu. Usimwambie wakala "weka na namba ya kampuni". Mwambie: "Namba ya msafiri iwe kwenye FQTV, namba ya programu ya kampuni iwekwe kwa maelekezo ya shirika, na vyote viwepo kabla ya kutoa tiketi." Maneno hayo matatu, kabla ya kutoa, yana uzito. Namba ya msafiri unaweza kuiongeza hata kaunta ya uwanjani. Ya kampuni ikikosekana tiketi ilipotolewa, mara nyingi ndiyo basi tena.

Njia bora ni kumpa wakala karatasi moja ya kudumu yenye kila msafiri, jina kama lilivyo kwenye pasipoti, namba yake kwa kila shirika, namba ya kampuni kwa kila shirika, upendeleo wa kiti na chakula. Atengeneze wasifu kwenye mfumo wake, na kila tiketi itajijaza. Mpe toleo jipya kila miezi mitatu, ukiandika tarehe juu.

Tiketi ikifika kwenye barua pepe, isome dakika mbili kabla ya kuipeleka kwa bosi. Kuna herufi na tarakimu 6 za kumbukumbu ya nafasi, na kuna namba ya tiketi yenye tarakimu 13. Tarakimu 3 za mwanzo zinakutajia shirika lililotoa tiketi: 071 ni Ethiopian, 706 Kenya Airways, 176 Emirates, 157 Qatar Airways, 074 KLM, 235 Turkish. Hii ni muhimu kwa sababu safari inaweza kuandikwa jina la shirika moja ikarushwa na lingine. Programu za kampuni zina orodha ya mashirika zinayoyahesabu, na ndege ya mshirika asiye kwenye orodha haihesabiwi hata kama maili za msafiri zinaingia. Ethiopian imo Star Alliance tangu Desemba 2011, hivyo msafiri anaweza kupeleka maili za Addis kwenye akaunti yake ya Turkish. Emirates haimo katika muungano wowote, ina makubaliano yake na shirika mojamoja. Na safari moja huingia kwenye programu moja ya msafiri tu. Huwezi kudai ShebaMiles ya Ethiopian na Miles&Smiles ya Turkish kwa kiti kilekile.

Angalia pia herufi ya daraja la nauli, ile moja inayokaa karibu na namba ya ndege. Y, kwa kawaida, ni nauli kamili ya daraja la kawaida, J ni ya biashara. Katikati kuna herufi nyingi, na za chini kabisa katika baadhi ya mashirika hazitoi maili au hutoa robo. Nauli za makundi, za mabaharia, na zile nauli maalumu za mashirika ya misaada ambazo ofisi nyingi za Mikocheni na Msasani hutumia, mara nyingi zina masharti yake. Zina mizigo zaidi na kubadili tarehe kwa urahisi, ila pointi kidogo au hamna. Si hasara. Ni bei ya urahisi huo. Ila ujue mapema, ili usimwahidi mtu kitu.

Msafiri akirudi, chukua kwake pasi ya kupandia ndege, ya karatasi au picha ya skrini, uiweke kwenye jalada pamoja na tiketi. Subiri wiki mbili. Fungua akaunti ya msafiri (kwa ridhaa yake, au aangalie mwenyewe) na ya kampuni, uweke alama kwenye jedwali lako: tarehe, njia, namba ya tiketi, herufi ya nauli, maili zilizotarajiwa, zilizoingia, za kampuni zilizoingia. Zisipoingia, dai kwa fomu ya mtandaoni ukiwa na namba ya tiketi na pasi. Muda wa kudai una ukomo, Flying Blue kwa mfano hutoa miezi 6. Anayedai Desemba safari za Februari amechelewa.

Muda wa maili zenyewe nao unakwisha, kwa kanuni tofauti. Maili za Skywards huishi miaka 3 na kufa mwisho wa mwezi aliozaliwa mwenye akaunti. Za Flying Blue zina miezi 24, na ruka moja inayostahili inaziongezea uhai. Kwa hiyo mwezi wa kuzaliwa wa bosi mwenye Skywards uwe kwenye kalenda yako kwa sababu mbili.

Kosa moja tunalolitaja peke yake kwa sababu ya uzito wake: katibu kuweka namba yake ya maili kwenye tiketi ya bosi ambaye "hajali mambo ya pointi". Mara nyingi majina hayatalingana na hakuna kitakachoingia. Lakini wapo wanaokwenda mbele zaidi, wakafungua akaunti kwa jina la bosi na barua pepe yao wenyewe, wakatumia maili hizo kukatia ndugu tiketi. Hiyo ni wizi, tena wenye ushahidi, kwa sababu kila tiketi ya maili ina jina la aliyeruka na barua pepe iliyoiagiza. Shirika likigundua hufunga akaunti na kufuta tiketi, wakati mwingine abiria akiwa katikati ya safari. Bosi asiyejali pointi ana haki ya kutojali. Mwambie maili zake zipo, mwonyeshe salio, aamue mwenyewe. Akikupa, zitoke kwenye akaunti yake, kwa agizo lake la maandishi.

Wakati wa kutumia salio la kampuni, usikimbilie tiketi ya bure. Tiketi ya pointi bado hulipiwa kodi za viwanja, na mashirika mengine huweka tozo zao juu, hivyo kwa njia ya karibu kama Nairobi "bure" inaweza kubakiza kiasi kikubwa cha kulipa. Gawanya hivi: nauli ya pesa ya siku hiyo, toa kodi utakazolipa kwenye tiketi ya pointi, gawanya kwa pointi zinazotakiwa. Fanya hesabu hiyo kwa safari tatu unazotarajia, uone pointi moja inazaa shilingi ngapi wapi. Mara nyingi thamani nzuri iko kwenye safari ndefu iliyoamuliwa ghafla, pale nauli ya pesa imepanda na pointi zinazotakiwa hazijapanda kwa kiasi hicho. Kampuni yenye mikutano ya dharura inafaa iache akiba ya safari moja kama hiyo. Safari ikifutwa na nauli kurejeshwa, pointi zilizoingia huchukuliwa tena, na salio linaweza kusoma hasi. Mweleze mhasibu kabla hajashtuka.

Na siku mpangaji anapoondoka kazini, makabidhiano yawe na karatasi ya safari peke yake: orodha ya akaunti za kampuni kwa kila shirika, jina la msimamizi wa pili, salio la siku hiyo lenye sahihi mbili, madai yaliyowasilishwa na bado hayajajibiwa, tiketi ambazo hazijatumika na tarehe zake za mwisho, na daftari la zawadi. Nenosiri libadilishwe mbele ya wote wawili. Ile laini ya simu ya ofisi irudi kwenye droo yake, kwa sababu namba ya uthibitisho ikienda kwenye simu ya mtu aliyehamia Arusha, kampuni haiingii kwenye akaunti yake yenyewe, na kuirudisha huanza upya kwa cheti cha BRELA na barua yenye mhuri.